Fahali wawili zizi moja: Kusuluhisha mgogoro wa vifurushi unapoweka GIMP

Programu ya GIMP ni miongoni mwa zana zinazotegemewa sana na wasanii wa michoro wasio na uwezo, au wasio na haja, ya kulipia programu za kibiashara za kuhariri picha. Humwezesha mtumiaji kusafisha picha, kubuni kadi za harusi, mabango ya mikutano na majalada ya vitabu bila kulipa ada yoyote.

Hata hivyo, wanaoitumia katika mfumo endeshi wa Linux, hasa Debian na Ubuntu, hukumbana mara kwa mara na kizingiti kimoja. Programu hukataa kuingia, na badala yake tarakilishi hutoa orodha ya malalamiko kuhusu vifurushi visivyopatana.

Wengi hujaribu kulazimisha mambo. Hapo ndipo hasara huanzia, kwani amri moja iliyotolewa kwa pupa yaweza kung'oa eneokazi zima, na kazi ya mteja ikabaki ndani ya mashine isiyoonyesha chochote ila maandishi meupe juu ya kioo cheusi.

Makala haya yanaeleza chanzo cha mgogoro huo, namna ya kuufasiri ujumbe wa tarakilishi, na hatua za kuchukua bila kuuhatarisha mfumo mzima.

Mgogoro uliozaliwa pamoja na programu

GIMP ilianza mwaka wa 1995 kama mradi wa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani: Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la kwanza kuufikia umma lilitolewa mapema mwaka wa 1996.

Toleo hilo lilikuwa na tatizo. Madirisha, vitufe na menyu zake zilichorwa kwa kutumia Motif, mkusanyiko wa zana ambao wakati huo ulikuwa mali ya kibiashara. Mtu asiyekuwa na Motif hangeweza kuijenga GIMP kutoka kwa msimbo wake, ijapokuwa GIMP yenyewe ilitolewa bure.

Ili kujinasua, waasisi hao waliandika zana zao wenyewe na kuziita GTK. Zana hizo ziliwavutia wengine kiasi kwamba mwaka wa 1997 waanzilishi wa mradi wa GNOME walizichagua ziwe msingi wa eneokazi lao. Leo hii GNOME ndilo eneokazi la kawaida la Ubuntu na Debian.

Hivyo basi, kitu kilichobuniwa kwa ajili ya programu moja ya picha kimegeuka kuwa nguzo ya nyumba nzima. Anayeitikisa nguzo hiyo kwa ajili ya GIMP huitikisa pia paa iliyo juu ya programu nyingine zote.

Maktaba, vifurushi na ghala

Katika lugha ya tarakilishi, maktaba ni faili yenye maagizo ya kazi fulani ambayo programu nyingi huyaazima badala ya kila moja kuandika yake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

GIMP huazima kwa wengi. GTK huchora madirisha yake. Maktaba iitwayo GEGL hufanya hesabu za picha yenyewe, nayo babl hugeuza rangi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Nyingine hufungua picha za JPEG, PNG na WebP.

Kuna faida kubwa katika ushirika huu. Mnamo Septemba 2023 ilifichuliwa kwamba maktaba ya WebP ilikuwa na dosari ambayo ingemruhusu mhalifu kushambulia tarakilishi kwa kutumia picha tu. Katika mifumo inayoshiriki maktaba moja, kiraka kimoja kilizikinga programu zote zilizoitegemea. Programu zilizobeba nakala zao wenyewe zilibidi kurekebishwa moja baada ya nyingine.

Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, huhifadhi kila programu au maktaba katika kifurushi. Kila kifurushi hubeba hati inayotaja jina lake, toleo lake, vifurushi inachovihitaji, na wakati mwingine vile kisivyoweza kukaa navyo.

Zana iitwayo dpkg ndiyo hufungua kifurushi na kukipanga katika diski. APT, iliyowafikia watumiaji wengi kupitia Debian 2.1 mwezi Machi 1999, huzisoma hati zote, hukokotoa ni vipi vinavyohitajika, kisha huvileta kutoka ghala la mtandaoni. Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ilirithi utaratibu huo huo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vifurushi vya ghala moja hujengwa na kujaribiwa pamoja. Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, ilikuja na GIMP ya msururu wa 2.10. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, ilikuja na ya msururu wa 3.0. Kuchukua kifurushi cha ghala la pili na kukipachika katika mfumo wa kwanza ni kukihamisha bila jamaa zake.

Chanzo cha ugomvi

Maktaba mbili zenye majina tofauti ya vifurushi zaweza kuishi pamoja kwa amani. GTK ya pili na GTK ya tatu, mathalan, hukaa katika tarakilishi moja bila kusumbuana kwa sababu ziliandaliwa kuwa vifurushi viwili tofauti.

Lakini kifurushi chenye jina moja hakiwezi kuwapo kwa matoleo mawili kwa wakati mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja. Programu mbili zikidai kila moja toleo lake la kifurushi hicho hicho, APT hulazimika kukataa.

Mfano ulio wazi ulitokana na Ubuntu 14.04, iliyotolewa Aprili 2014 ikiwa na GIMP 2.8.10. Kwa sababu ghala rasmi la Ubuntu halipandishi matoleo makubwa baada ya kutolewa, watumiaji wengi waliongeza ghala la nje lililowapa GIMP 2.8.14.

Baadhi yao waliondoa ghala hilo baadaye, au waliiondoa GIMP na kujaribu kuirejesha. GIMP ya ghala rasmi ilikataa. Ujumbe ulisema kwamba kifurushi cha gimp kilihitaji libgimp2.0 isiyopungua 2.8.10 na isiyozidi 2.8.10-z, ilhali iliyokuwamo ni ya 2.8.14.

Herufi hiyo z iliwatatiza wengi. Maana yake ni nyepesi: marekebisho yoyote ya Ubuntu juu ya toleo la 2.8.10 yanakubalika, ila toleo linalofuata halikubaliki. Hiyo ilikuwa sakafu na dari, na maktaba iliyoachwa na ghala la nje ilikuwa imetoboa dari.

Chanzo cha pili ni kifurushi kimoja kilichopakuliwa kutoka tovuti fulani. Uungaji mkono wa lugha ya Python 2 ulipokoma tarehe 1 Januari 2020, Ubuntu 20.04 ilikiacha kifurushi cha gimp-python, ambacho kiliziwezesha nyongeza nyingi za GIMP kufanya kazi. Waliozihitaji nyongeza hizo walivileta vifurushi vya matoleo ya awali kimoja kimoja, na kila kimoja kiliulizia ndugu zake ambao hawakuwamo tena ghalani.

Chanzo cha tatu ni uwekaji uliokatizwa. Umeme ukipotea au bando ikiisha katikati ya shughuli, vifurushi vingine huwa vimefunguliwa bila kukamilishwa.

Cha nne ni kifurushi kilichofungwa kisibadilike, pengine na mtu aliyeitumia mashine hiyo hapo awali. Cha tano ni maktaba iliyojengwa kwa mkono kutoka kwa msimbo na kuwekwa katika saraka ya /usr/local, mahali ambapo APT haipaangalii.

Kuufasiri ujumbe

Ujumbe wa kosa huonekana kama laana, lakini ukweli ni kwamba ni ushahidi. Kila mstari husema ni nani anayedai, anamdai nani, na kwa nini hajaridhika.

Jina lililo upande wa kushoto wa nukta mbili ni la mdai. Neno Depends hutangulia jina la kifurushi anachokihitaji. Neno Conflicts au Breaks hutangulia jina la yule asiyeweza kukaa naye. Alama ya >= humaanisha toleo lisilopungua hilo, nayo <= humaanisha toleo lisilozidi hilo.

Mwisho wa mstari ndio wenye siri. Ukiishia kwa maneno "is to be installed" pamoja na nambari ya toleo, kifurushi kipo lakini ni cha toleo lisilofaa. Ukiishia kwa "is not installable", hakuna ghala hata moja kati ya yale yanayojulikana na mashine hiyo lenye kifurushi hicho. Ukiishia kwa "is not going to be installed", kipo, ila nacho kina mgogoro wake ambao sharti utafutwe.

Katika hali hiyo ya mwisho, omba kifurushi hicho kilichotajwa peke yake kwa amri ya apt install. APT itafichua mstari unaofuata. Endelea hivyo hadi ufikie mstari wenye nambari za matoleo. Hapo utakuwa umeufikia mzizi.

Hatua za kufuata

Kwanza, hifadhi kazi zako nje ya mashine hiyo, katika diski ya mkononi au kwingineko. Usianze ukarabati wowote kabla ya kufanya hivyo.

Pili, andika sudo apt update na usome majibu yote. Ghala lisilojibu au lisilolingana na toleo la mfumo wako hutajwa hapa. Ikumbukwe kwamba orodha za maghala huhifadhiwa katika faili ya /etc/apt/sources.list na katika saraka ya /etc/apt/sources.list.d.

Tatu, maliza kilichokatizwa. Amri ya sudo dpkg --configure -a hukamilisha vifurushi vilivyofunguliwa nusu. Ile ya sudo apt --fix-broken install hutafuta vilivyokosekana. Soma mapendekezo yake kabla ya kukubali.

Nne, andika apt-mark showhold. Majina yakijitokeza, hivyo ndivyo vifurushi vilivyofungwa. Ukijua sababu ya kufungwa kwake haipo tena, kifungue kwa sudo apt-mark unhold ikifuatwa na jina lake.

Tano, uliza asili ya kila kifurushi kilichotajwa katika ujumbe. Kwa mfano, andika apt-cache policy gimp libgegl-0.4-0. Utaonyeshwa toleo lililomo, toleo ambalo APT ingelichagua, na ghala lilikotoka kila moja.

Maghala ya kawaida huonyeshwa kwa nambari 500. Iwapo toleo lililomo lina mstari mmoja tu wenye nambari 100 na njia ya /var/lib/dpkg/status, basi hilo ni yatima: limo katika diski yako, lakini hakuna ghala linalolitambua. Mara nyingi yatima huyo ndiye anayezuia kila kitu.

Sita, rudisha kila kitu katika asili moja. Iwapo ghala la nje la Ubuntu bado limo katika orodha, usilifute kwa mkono. Weka kifurushi cha ppa-purge, kisha kiendeshe pamoja na jina la ghala hilo. Hulizima ghala na kuvirudisha vifurushi vyake katika matoleo rasmi. Kinahitaji kuiona orodha ya ghala ili kujua cha kurudisha, ndiyo maana mpangilio huu ni muhimu.

Iwapo ghala limekwisha kuondolewa, mrudishe yatima mwenyewe. Andika sudo apt install, jina la kifurushi, alama ya =, na nambari ya toleo rasmi kama ulivyoiona katika hatua ya tano. Vifurushi kadhaa vinavyotegemeana sharti vitajwe katika amri moja, la sivyo kila kimoja kitamzuia mwenzake.

Saba, jaribu kabla ya kutenda. Amri ya apt-get -s install gimp huonyesha yote yatakayotokea bila kubadilisha chochote. Isitoshe, haipakui vifurushi, kwa hivyo haitafuni bando. Orodha ya vitakavyoondolewa ikiwa tupu au ikitaja tu vitu unavyovitambua, irudie amri bila -s, ukitanguliza sudo.

Programu inapoingia lakini haifunguki

Wakati mwingine APT hairipoti tatizo lolote, lakini GIMP hukataa kufunguka. Ukiianzisha kutoka kwa dirisha la amri, ujumbe wa "symbol lookup error" hujitokeza. Maana yake ni kwamba programu imeikuta maktaba yenye jina sahihi, ila ndani yake hamna kazi iliyotarajia kuikuta.

Andika ldd $(which gimp). Utapata orodha ya maktaba na mahali zilikochukuliwa. GEGL au babl ikionyeshwa kutoka /usr/local/lib, hiyo ni nakala iliyojengwa kwa mkono, nayo imeitangulia ile rasmi. Iondoe kwa kurudi katika saraka ilikojengewa na kutumia amri yake ya kuondoa, ambayo kwa kawaida ni sudo ninja uninstall au sudo make uninstall. Malizia kwa sudo ldconfig.

Njia za mkato zinazoponza

Yapo maagizo yanayopendekeza dpkg pamoja na --force-depends, kuinakili maktaba kutoka tarakilishi nyingine, au kuipa maktaba ya zamani jina la mpya. Yote huinyamazisha kengele ilhali moto unaendelea kuwaka. APT itaendelea kuuona mfumo kuwa umevunjika, na huenda ikakataa hata kuleta viraka vya usalama.

Hatari nyingine ni kukubali bila kusoma. Mnamo Novemba 2021 mtangazaji wa mtandaoni wa Canada, Linus Sebastian, alionyesha katika video jinsi alivyojaribu kuweka programu ya michezo ya Steam katika Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Kasoro ya vifurushi iliyokuwapo ghalani wakati huo iliifanya APT ipendekeze kuliondoa eneokazi lenyewe.

APT ilitoa onyo na kumtaka aandike sentensi nzima kuthibitisha. Aliiandika, na eneokazi likatoweka. Mwezi huo huo watunzaji wa APT waliibadilisha ili iwe vigumu zaidi kuondoa vifurushi vilivyotiwa alama kuwa vya lazima.

Hata hivyo, si kila kifurushi cha eneokazi kina alama hiyo. Jukumu la kusoma sehemu ya "The following packages will be REMOVED" lingali la mtumiaji. Ukiona humo gnome-shell, ubuntu-desktop au majina mengi usiyoyajua, jibu ni moja tu: herufi n.

Kumpa fahali wa pili zizi lake

Wapo wanaohitaji toleo jipya kwa dhati. GIMP 3.0, iliyotolewa Machi 2025 baada ya kuhamia GTK ya tatu, ina uwezo ambao msururu wa 2.10 hauna. Anayetumia mfumo wa zamani hapaswi kulivuta toleo hilo kwa nguvu ndani ya ghala lisilolijua.

Suluhisho ni Flatpak, utaratibu unaoiweka programu pamoja na maktaba zake kando na mfumo. Baada ya kuweka flatpak na kuliongeza ghala la Flathub, amri ya flatpak install flathub org.gimp.GIMP huileta GIMP mpya bila kugusa hata kifurushi kimoja cha APT. Tovuti ya GIMP hutoa pia faili ya AppImage, ambayo huendeshwa moja kwa moja.

Gharama yake ni nafasi na bando. Mara ya kwanza Flatpak hupakua msingi wa mamia ya megabaiti, kwa hivyo ni busara kutafuta mtandao usiopimwa kwa bando. Vilevile, nyongeza zilizowekwa kupitia APT hazionekani na GIMP hiyo, na zile zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazifanyi kazi katika 3.0 hadi zifanyiwe marekebisho.

Kwa anayeendesha duka la uchapishaji au maabara ya shule, kanuni ni hii: GIMP ya ghala rasmi kwa mashine zinazopaswa kuamka salama kila asubuhi, na Flatpak kwa ile inayohitaji mambo mapya. Kila ghala la nje linaloongezwa liandikwe katika daftari pamoja na tarehe na sababu yake. Siku mgogoro utakapozuka, atakayeitwa kuutatua atajua pa kuanzia.